Mhasibu aliponiuliza bei ya kiwanja

"Kiwanja kilikuwa kiasi gani?"

Sikuwa nimekaa vizuri kwenye kiti. Nikamtajia bei niliyonunulia nyumba. Mhasibu akatikisa kichwa: "Sijauliza nyumba, ndugu yangu. Nimeuliza ardhi."

Wakati huo nilikuwa nimepangisha nyumba ile kwa miaka mitatu, na mara zote tatu ritani, yaani fomu ya kutangaza mapato kwa watu wa kodi, nilijaza mwenyewe. Naandika pango lililoingia, natoa riba ya mkopo, bima na malipo ya mafundi, namaliza. (Nasema pango makusudi. Anacholipa mpangaji tunakiita kodi na kinachodaiwa na serikali tunakiita kodi, na mimi nilishachanganya hizo mbili kwenye daftari langu zaidi ya mara moja.) Uchakavu sikuwa nimeukata hata senti. Nilidhani ni habari za malori na mitambo ya kiwandani.

Kumbe jengo nalo linazeeka, na sheria nyingi za kodi zinamruhusu mwenye nyumba ya kupangisha akate kila mwaka kipande cha gharama ya jengo hilo katika mapato yake, ingawa mwaka huo hakutoa fedha yoyote mfukoni. Alishazitoa siku ya kununua. Ila ardhi haichakai. Ndiyo maana swali la kwanza lilikuwa la kiwanja: bila kuitoa ardhi kwenye bei, hakuna hesabu inayoanza.

Mkataba wangu ulikuwa na bei moja tu. Ikabidi nimlipe mthamini atenganishe, miaka mitatu baada ya ununuzi. Kwa kila 100 niliyolipa, akaipa ardhi 30 na jengo 70. Nilitamani iwe 10 kwa 90, nani asingetamani, lakini mgawo unaoupanga mwenyewe ndio wa kwanza kuulizwa na mkaguzi. Ada ya wakili na ushuru wa kuhamisha hati havikupotea pia. Nilikuwa nimevikata vyote mwaka wa kwanza kama matumizi ya kawaida, kosa lile. Ni sehemu ya gharama ya kununua, kwa hiyo navyo viligawanywa kwa uwiano uleule.

Hapo nikajiona mjuzi. Nilikuwa nimetazama video nyingi za Wamarekani, nikachukua 70, nikagawa kwa 27.5, nikapata kama 2.5 kwa mwaka. Mhasibu akacheka. Miaka 27.5 ni ya nyumba za makazi za kupangisha huko Marekani, na majengo ya biashara kwao ni miaka 39. Australia majengo mengi ya makazi hukatwa asilimia 2.5 kwa miaka 40. Uingereza nyumba ya makazi ya kupangisha haikatiwi uchakavu wa jengo kabisa; tangu 2016 mwenye nyumba hupewa nafuu anapobadilisha samani na vifaa vya ndani kwa vingine. Kanuni ya jirani haikusaidii. Soma ya pale nyumba ilipo.

Kilichonitoa jasho lakini ni rundo la risiti za mafundi. Mimi kila fundi aliyeingia nilimwita "matengenezo" na kumkata mwaka uleule. Tukaanza kuzipitia moja moja. Bomba lililopasuka mpangaji akiwa ndani: matengenezo, nimekata sawasawa. Kupaka rangi upya kati ya mpangaji mmoja na mwingine: matengenezo. Makabati mapya ya jikoni, ya mbao bora kuliko ya zamani: hapo nimeboresha, na gharama yake inasambazwa miaka kadhaa. Paa ndilo lililouma. Nilipoinunua nyumba lilikuwa linavuja, nilijua, nikapunguziwa bei kwa ajili hiyo, nikalibadilisha lote kabla ya kupangisha. Kwangu ni kuziba uvujaji. Kwa sheria, hata za nchi nyingine nyingi, ubovu ulioukuta wakati wa kununua ukiurekebisha unahesabika kama umeongeza bei ya ununuzi. Kwa hiyo nilikuwa nimekata mara moja kitu kilichopaswa kukatwa kidogo kidogo kwa miongo.

Risiti mbili tulishindwa nazo. Fundi alikuwa ameandika "kazi ya nyumba" na jumla chini, basi. Ukuta mpya? Kuziba ufa? Hata mimi sikukumbuka. Tangu siku hiyo silipi fundi kabla hajaniandikia kazi kwa kazi, na picha napiga kabla na baada.

Friji, jiko, pampu na mapazia vina safu zao kwenye jedwali la uchakavu, kwa sababu vinakufa mapema kuliko kuta. Hapa niliruhusiwa kuchagua. Kwa njia ya salio linalopungua, yaani asilimia ileile ya thamani iliyobaki, kifaa cha 100 kwa asilimia 25 kinakupa 25 mwaka wa kwanza, 18.75 wa pili, na kuendelea kushuka. Wengi hupenda hivyo. Mimi nilichagua kukata kiasi kilekile kila mwaka, maana miaka ya mwanzo riba ilikuwa inameza karibu pango lote na makato makubwa yasingekuwa na kitu cha kukata.

Tulisahihisha ritani mbili. Ya kwanza muda wake wa kusahihishwa ulikuwa umepita, ikaenda na uchakavu wake. Kwa sababu lile paa na zile ada nilishavikata vyote kwenye ritani hiyo, nilichorudishiwa kilikuwa kidogo kuliko nilivyoota njiani, lakini ada ya mhasibu na ya mthamini ilirudi na chenji.

Kisha akaniharibia furaha. Siku nikiuza, uchakavu niliokata utapunguza gharama ya nyumba kwenye vitabu, na faida itakayotozwa kodi itaonekana kubwa zaidi. Nikamwambia basi bora nisikate. Akanieleza kwamba Marekani hata usipoukata wanauhesabu kana kwamba uliukata, kwa vile ulikuwa na haki nao. Nikanyamaza. Hata hivyo, kodi ya kulipwa miaka 15 ijayo si sawa na ya kulipwa mwezi huu, na mkopo nao unadai mwezi huu.

Kiasi ninachokata kwenye ritani nakiweka pia kwenye akaunti ya pembeni, maana uchakavu wa makaratasi hauezeki paa. Miezi mingine nashindwa, nisiseme uongo.

Nyumba ya pili nilipoinunua, thamani ya kiwanja iliandikwa kwenye mkataba, na muuzaji akaorodhesha vifaa vyote kabla sijatia saini. Ile ya kwanza bado ninayo. Mwaka jana safu ya jiko ilifika sifuri. Mpangaji anasema linapika vizuri tu.