Tangu mama mkwe alipoinuka sebuleni

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu usiku, umeme upo, watoto wameshaoga, karanga za kukaanga ziko kwenye sinia. Mama mkwe wangu alikuwa ametoka Unguja wiki hiyo kuja kukaa nasi Tabata, ana kliniki ya presha. Nilitaka apumzike, acheke kidogo, nikachagua filamu mimi mwenyewe. Trela yake, kile kipande kifupi cha kuionjesha filamu, nilikuwa nimeiangalia mara mbili kwenye simu: familia inahamia shambani, mbwa anakimbia kwenye mvua, babu anacheka na wajukuu. Nikaridhika.

Dakika ya ishirini na kitu mume na mke wa kwenye filamu wakaingia chumbani, na kamera ikaingia nao. Nikatafuta rimoti, kumbe iko chini ya mto. Hadi naipata, mama alikuwa ameshajitanda kanga yake, akainuka taratibu. "Mie naingia ndani kusali, baba. Nyie endeleeni na senema yenu." Isha alikuwa ameshaisali, na sote tulijua.

Aliyelelewa pwani ataelewa uzito wa jambo hili. Mbele ya mkweo hata kicheko unakipima. Nilikaa na rimoti mkononi, binti yangu wa miaka tisa ananiuliza kwa nini nimezima, mke wangu anakusanya sinia bila kunitazama. Niliumia sana. Yule mama kuja kwangu na kuinuka sebuleni kwangu kwa aibu niliyomletea mimi, halafu asubuhi akanisalimia kama kawaida! Sikuwa na la kujitetea zaidi ya kusema trela haikuonyesha.

Na kweli haikuonyesha. Baadaye nilipofuatilia nikaelewa kwa nini. Marekani, trela ile yenye kibao cha kijani mwanzoni hupitishwa ili iweze kuonyeshwa mbele ya watu mchanganyiko, kwa hiyo yaliyo ya wakubwa tu hayawekwi humo, hata kama kwenye filamu yenyewe yamejaa. Wana nyingine ya kibao chekundu kwa watu wazima. Mimi nilikuwa nimeangalia kitu kilichosafishwa kwa makusudi, nikakichukulia kuwa ndicho kipimo cha usafi wa filamu nzima.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kazi hii ya kuwachagulia watu filamu niliwahi kuifanya, na niliiweza. Nilipomaliza kidato cha nne Tanga nilikaa karibu miaka mitatu kwenye duka la kukodisha mikanda. Ilikuwa ile zama ya deki kuondoka na CD kuingia. Trela hatukuwa nazo za kumwonyesha mteja. Tulikuwa na makava ukutani, na makava yale hayakuaminika: zile diski za filamu nane kwa moja zilikuwa na picha za filamu ambazo humo ndani hazimo. Mteja akiingia anauliza, "Staringi nani?" Wa pili, "Ina mapigano?" Wa tatu, na hawa walikuwa wengi, "Imetafsiriwa?" Walitaka sauti ya mtu wa kuwasimulia juu ya picha kwa Kiswahili, na aliyekuwa na jina kubwa kwetu alikuwa Lufufu. Kuna watu walikuwa hawaulizi filamu inaitwaje wala inahusu nini. Wanauliza Lufufu ameleta nini kipya. Kenya nasikia mpaka leo kuna wanaofuata DJ Afro hivyo hivyo. Watu hawa walichagua kwa kumwamini mtu, na kwa kweli sidhani kama walikosea.

Bosi wangu wa pale dukani, mzee mmoja mpole asiyependa kupandisha sauti, alinikataza kumuuliza mteja anapenda filamu gani. Alisema mtu akiulizwa hivyo anajibu anachodhani kinamfaa kusema. Alinifundisha kuuliza mawili: ya mwisho uliyoimaliza ni ipi, na hii unakwenda kuiangalia na nani? Fundi mwashi aliyetaka ya kuangalia peke yake usiku alikuwa mteja mmoja. Fundi huyo huyo Ijumaa, akiwa amemleta mama yake kutoka Muheza, alikuwa mteja mwingine kabisa, na mkanda wake ulikuwa tofauti. Nikikumbuka miaka ile, sikumbuki mteja aliyerudi kulalamika kwamba nimemfedhehesha mbele ya mzazi.

Halafu simu zikaja, bando likaja, na mimi nikaanza kuchagua kama kila mtu. Trela moja, nyingine inafuata, ya tatu. Kuna usiku tuliketi tunaangalia trela karibu saa nzima, watoto wakalala kwenye zulia, filamu haikuwekwa.

Baada ya tukio la mama nilitaka kujua trela ni kitu gani hasa. Jina lenyewe ni lile lile la tela la lori: kitu kinachokokotwa nyuma. Hapo mwanzo zilionyeshwa filamu ikishaisha, na kwa sababu watu walikuwa wakiinuka na kwenda zao zikahamishiwa mbele. Mtu anayetajwa kuanza mchezo huu ni Nils Granlund, aliyekuwa akishughulikia matangazo ya kumbi za maonyesho huko New York, mwaka 1913. Mara nyingi trela haikatwi na mwongozaji. Hupewa kampuni nyingine yenye kazi hiyo tu, na wakati mwingine filamu bado iko mezani inahaririwa. Ndiyo maana unaona kipande kwenye trela, unakisubiri filamu nzima, hakiji.

Hilo limewahi kufikishwa mahakamani. Wamarekani wawili walikodi filamu iitwayo Yesterday, ya mwaka 2019, kwa dola 3.99 kila mmoja, kwa sababu mwigizaji wanayempenda, Ana de Armas, alionekana kwenye trela. Kwenye filamu hayumo, sehemu yake ilikatwa. Wakashtaki. Desemba 2022 jaji alikubali kwamba trela ni tangazo la biashara, kwa hiyo inaweza kushtakiwa kama tangazo lolote la uongo. Kesi yao ilitupwa mwaka uliofuata, lakini mimi maneno yale ya jaji yalinitosha. Tangazo la biashara. Sabuni nayo ina tangazo, na hakuna anayemuuliza mwenye sabuni kama inafaa kwa ngozi ya mtoto wake. Anamuuliza jirani aliyeitumia.

Nikarudi kwenye yale maswali mawili ya bosi wangu, nikayageuza. Siku hizi mtu akiniambia filamu fulani ni nzuri, simuulizi ina nini. Namuuliza uliiangalia na nani. Jibu la swali hilo linanipa habari nyingi kuliko nyota kumi. Mfanyakazi mwenzangu mmoja ana jicho kali sana la filamu, lakini huangalia peke yake, amevaa spika za masikioni, usiku wa manane. Nikitaka ya kwangu mwenyewe namfuata yeye. Kwa sebuleni nina jirani yangu wa ng'ambo ya ukuta, mwalimu, ambaye najua hapendi vita virefu, analia upesi, na nyumbani kwake anaishi baba yake mzee. Yeye akisema, "Niliangalia na baba mpaka mwisho," nimemaliza uchunguzi.

Kama sina wa kumuuliza, nafungua ule ukurasa wa mwongozo wa wazazi ulioko IMDb, tovuti ya habari za filamu, ambapo watu waliokwisha kuiona wanaandika kilichomo: mapenzi, damu, matusi, vitisho. Bodi ya filamu ya Uingereza, BBFC, nayo huandika kwa sentensi chache kwa nini filamu imepewa daraja iliyopewa. Nasoma huko kabla ya kitu kingine chochote. Ni dakika tatu, na bando linalotumika ni dogo mno. Bado si kinga kamili, maana wanaoandika huko wana aibu za kwao. Busu ambalo wao hawalihesabu, kwangu linamwinua mtu kitini.

Trela sijaziacha kabisa. Naangalia nusu dakika ya kwanza tu, halafu nazima. Pale mwanzoni kwa kawaida wanakutajia mahali, watu na tatizo lao. Baada ya hapo wanaanza kukumwagia vipande vya katikati na vya mwisho. Nusu dakika inaniambia lugha gani inazungumzwa, watu wanaongea kwa kasi gani, picha ina giza kiasi gani (TV yetu ya zamani, filamu za giza hatuzioni), na hapo basi. Kwa sinema ya kulipia kiingilio, kama tunakwenda wote Mlimani City, hata hiyo nusu dakika hainitoshi. Nauli, tiketi nne na bisi ni fedha ambayo siitoi bila neno la mtu niliyemtaja hapo juu.

Kijana wangu wa miaka kumi na mitatu alinipinga. Yeye huchagua kwa vile vipande vya TikTok, mtu anasimulia filamu nzima kwa dakika nne, na anasema hivyo ndivyo anavyojua kama ni kali. Mwanzoni nilitaka kumkatalia. Tukajaribu kupiga kura nyumbani, ikawa ugomvi, mdogo wake anashindwa kila wiki. Tulichofanikiwa nacho ni zamu. Kila Jumamosi ina mwenyewe, na mwenye zamu anachagua kwa njia anayoitaka, ila lazima aseme kabla ya kuweka: nani katika nyumba hii hataipenda, na kwa nini. Swali hilo limembadilisha kijana kuliko hotuba zangu zote. Juzi aliiacha moja mwenyewe. "Bibi atakaa, lakini atakaa kwa ajili yetu," alisema. Sikumjibu, nilimshika tu bega.

Nilijifunza pia kitu nisichokitarajia, na nilikipata kwa mama mwenyewe. Jioni moja nilipata ujasiri wa kumuuliza enzi zao walichaguaje. Akafurahi kuulizwa. Akanitajia Empire, Majestic na Cine Afrique, majumba ya Mjini, na jinsi walivyokwenda kwenye filamu za Kihindi wakiwa wameshazijua nyimbo zake, na shoga yake aliyetangulia kuiona ameshawahadithia yote, hadi mwisho. "Sasa mkishajua mwisho mnafuata nini, mama?" "Tunafuata kulia, baba. Ukishajua atakufa, unalia tangu anapocheka."

Mimi nilikuwa nikichukia trela kwa sababu zinafichua. Nilidhani kila mtu anachukia hivyo. Kumbe hata watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 2011 waliwapa watu hadithi fupi, wengine wakaambiwa mwisho mapema, na walioambiwa wakazifurahia zaidi kwa jumla. Mama hajawahi kusikia habari za utafiti huo na hauhitaji. Ana presha. Kumwekea filamu ambayo hajui kama mtoto atapona ni kumtesa, na hilo nilikuwa nimelifanya wiki nyingi bila kujua, nikidhani namlindia utamu.

Kwa hiyo sasa namtangulia. Filamu ya zamu yangu naiangalia peke yangu Alhamisi au Ijumaa, usiku, yote. Inanigharimu usingizi na siwezi kusema ni njia ya kila mtu. Lakini nikishaiona naweza kumwambia mwisho wake, na naweza pia kumtafsiria, maana Kiingereza cha chini ya picha hakisomi.

Wiki mbili zilizopita mwalimu jirani alinipa jina la filamu ya Irani, Children of Heaven, ya mwaka 1997. Trela yake sijaiona mpaka leo. Kaka na dada wana jozi moja ya viatu, wanapokezana kwenda shule, wanakimbia vichochoroni ili mmoja amuwahi mwenzake. Niliiangalia Alhamisi, nikanyamaza muda mrefu baada ya kuzima. Jumamosi nikakaa chini, pembeni ya kiti cha mama, nikaanza kumsimulia maneno yao kama nilivyowasikia watafsiri wetu wakisimulia, kijana ameshika rimoti ili asimamishe nikichelewa.

Filamu haijafika hata robo akaniinamia. "Baba, viatu mwishoni wanavipata?"

"Wanavipata, mama. Ila si kwa njia anayoitaka yule kijana."

"Haya, endelea," akasema, akavuta sinia ya karanga karibu yake.