Niliandikiwa "kazi za ndani"

Jana nimetoka dirishani kwenye mambo ya kibali cha ukaazi hapa Italia natetemeka mwili mzima, jamani. Karani hakuniuliza swali. Alitazama ushungi wangu, akaandika "kazi za ndani". Nikamwonyesha barua ya mwajiri: mie ni fundi sanifu wa maabara, nashughulika na macho na ubongo wa pweza. Akacheka, akamwita mwenzake waje wacheke wawili. Kurekebisha? Nianze upya: fomu, stempu ya euro 16 (pigeni wenyewe kwa shilingi), miadi miezi mitatu mbele.

Usafi nimeufanya miaka miwili hapa Napoli na sina haya nao, ndio uliosomesha wadogo zangu. Kilichoniuma ni mtu kunifutia kazi ambayo hata hakutaka kuijua.

Basi niwaeleze nyinyi. Pweza mnamjua. Nimezaliwa Jambiani, siku za bamvua, maji yakitoka, nikishuka na bibi kuchokoa. Bibi akisema pweza keshakuona zamani, wewe ndio kwanza unatafuta shimo. Alisema kweli. Nyuma ya kila jicho la pweza kuna lobu, yaani sehemu ya ubongo, kubwa yenye umbo la haragwe, kazi yake kupokea yanayotoka jichoni. Huko ndiko nilikoajiriwa.

Lobu inagandishwa, nakata vipande vyembamba vya mikromita 20 (sehemu 20 za elfu za milimita), navilaza kwenye kioo kwa brashi laini, kwani ukivuta pumzi vibaya kipande kinajikunja na kazi ya asubuhi nzima imekwenda. Neva za huko zina asetilikolini nyingi sana ya kupashana habari, na kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi ndicho kinachoivunja ili habari ya kwanza ikatike kabla ya pili kuingia. Sisi tunatafuta kimekaa wapi. Njia yenyewe ni ya wanasayansi Karnovsky na Roots, ya mwaka 1964: palipo na kimeng'enya, chumvi ya shaba inatuama na kuacha rangi ya kahawia.

Mara ya kwanza kuiona kwenye hadubini nilinyamaza. Ni kama pindo la kanga! Tabaka la seli ndogondogo limebaki hafifu, chini yake ukanda wa nyuzi umekolea kahawia, kisha tena tabaka hafifu. Kwenye ukanda ule ndipo neva zinazotoka jichoni zinapokutana na za ubongo. Cajal, mwanasayansi Mhispania wa mambo ya ubongo, mwaka 1917 aliziita tabaka hizo retina ya ndani (retina ni ule utando wa jicho unaopokea mwanga), maana zinafanya kazi ambayo kwetu binadamu inafanyika ndani ya jicho lenyewe.

Najua mtaniuliza faida yake. Kimeng'enya cha jamii hiyohiyo ndicho kinachozuiwa na dawa nyingi za wadudu tunazopuliza kwenye mboga, na ndicho kinacholengwa na baadhi ya dawa wanazopewa wazee wenye kupotewa na kumbukumbu.

Mnaotaka kuja Italia, sikilizeni. Vyeti vyenu vitafsirini na mvipeleke ubalozi wao Dar vithibitishwe kabla hamjapanda ndege. Mie sikufanya hivyo, ndipo ikapita ile miaka miwili ya ndoo na ufagio nikiwa na diploma begini. Ukishafika una siku 8 za kazi tu kuomba kibali. Kiitaliano anza kujifunza ukiwa huko nyumbani, maana dirishani hakuna wa kukutafsiria.

Kinachonichoma zaidi, pweza hapa ana sheria yake. Umoja wa Ulaya umemwingiza mwaka 2010 kwenye sheria ya wanyama wa utafiti, na hatumgusi bila kibali wala bila dawa ya ganzi. Ni haki yake, naiunga mkono. Na mie nilistahili kuulizwa swali moja.

Asubuhi profesa wangu kaniona macho mekundu. Kanisikiliza mpaka mwisho, kafunga kompyuta, kaandika barua mpya palepale na kuisoma kwa sauti mbele ya wenzangu: miaka mitatu, vipande nilivyokata, kazi niliyowafundisha wanafunzi wake. Siku ya miadi anakuja na mie.