Wana wa Merari na Mizigo Yao

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Lawi alikuwa na wana watatu: Gershoni, Kohathi na Merari. Wa Kohathi tunawajua vizuri. Musa na Haruni walitoka kwao, na wao ndio waliobeba sanduku la agano mabegani. Merari hutajwa wa mwisho, na mimbarani hatajwi kabisa. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 4, Walawi wanagawiwa mizigo ya maskani, lile hema la ibada ambalo Waisraeli walilihamisha jangwani, na fungu la ukoo wake ni mbao, mataruma (fito za kuunganisha mbao), nguzo, vitako vya kuzisimamishia, vigingi na kamba.

Huo si mzigo wa kuchezea. Mbao zilikuwa 48, kila moja urefu wa mikono 10, zimefunikwa dhahabu. Vitako vya fedha vilikuwa 100, kila kimoja talanta nzima, yaani zaidi ya kilo 30. Piga hesabu: fedha peke yake tani 3, na jangwani hakuna barabara! Ndiyo maana wakuu wa Israeli walipotoa magari 6 na ng'ombe 12, Merari walipewa magari 4 na ng'ombe 8, Gershoni wakapata yaliyobaki, na Kohathi hawakupewa hata moja. Musa hakugawa sawasawa, aligawa kwa kadiri ya utumishi. (Makanisa yetu yangeokoa ugomvi mwingi kwa kusoma Hesabu 7.)

Kilichonigusa zaidi ni Hesabu 4:32: vifaa vyao vikabidhiwe kwa kutajwa kimoja kimoja. Hata kigingi kilikuwa na mtu wa kukijibia. Sura ya 10 inaeleza kwamba Merari na Gershoni walitangulia njiani ili maskani iwe imesimama kabla Kohathi hawajafika na vitu vitakatifu. Kila mkutano wa injili una watu wa namna hii, wale waliofunga turubai na kupanga viti asubuhi, mhubiri asijue hata majina yao.

Karne nyingi baadaye Yosia, mfalme wa Yuda, anatengeneza hekalu, mafundi wananunua mawe na miti, na miongoni mwa wasimamizi ni Yahathi na Obadia, wana wa Merari. Bado wako kwenye mbao!

Kisha kuhani Ezra, kando ya mto Ahava, anakagua msafara wa kurudi Yerusalemu kutoka uhamishoni Babeli na kukuta hakuna Mlawi hata mmoja. Anatuma watu. Wanaokuja ni Sherebia wa wana wa Mahli, mwana wa Merari, na wenzake 18. Kisha Hashabia na Yeshaya, wana wa Merari, na wengine 20. Ezra anampimia Sherebia, Hashabia na wenzao fedha talanta 650 na dhahabu talanta 100 wazilinde njiani. Walipofika Yerusalemu zilihesabiwa na kupimwa tena, na uzito wote ukaandikwa saa ile ile.

Wiki hii tusome Ezra 8 yote, pamoja na majina yake.