Chini ya ardhi, Verdun

Leo nimeshuka kwenye ngome ya chini ya ardhi ya Verdun, Ufaransa, na mpaka sasa moyo bado mzito. Wanakukalisha kwenye kigari kinachojiendesha chenyewe gizani, huku sura na sauti za askari wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mwaka 1916, zikikuzunguka kila upande. Baridi ya humo ndani si mchezo, vaeni sweta. Askari hao waliishi humo, wakioka mikate ya maelfu ya wenzao waliokuwa mstari wa mbele.

Ila kilichonitoa machozi ni majeneza. Tarehe 10 Novemba 1920 yalipangwa humo majeneza manane ya askari wasiojulikana majina. Auguste Thin, askari wa miaka 21 ambaye baba yake alipotea vitani, alikabidhiwa shada la maua achague moja. Akajumlisha tarakimu za rejimenti yake ya 132, akapata sita, akaliweka shada kwenye jeneza la sita. Askari wa jeneza hilo ndiye aliyezikwa chini ya Arc de Triomphe, lile lango kubwa la ushindi la Paris, kwa niaba ya wote wasiojulikana.

Wale saba waliobaki walizikwa hapohapo Verdun, makaburi ya Faubourg-Pavé. Wageni wengi hawafiki huko. Mkienda, tafadhali wapitieni nao.