Nilivyoitia rangi filamu ya harusi ya shangazi

Filamu yenyewe ni ya milimita 8, nyeusi na nyeupe. Baba mkubwa aliipiga Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1960, siku shangazi alipoolewa. Ni roli moja ya futi 50, yaani fremu kama 4,000, na kwa mwendo wa fremu 16 kwa sekunde inaisha baada ya dakika nne hivi. Nilipoipata ilikuwa imeanza kunuka siki. Harufu hiyo ni dalili kwamba plastiki yake ya asetati inaoza, na joto na unyevunyevu wa Pwani huzidi kuisukuma. Filamu ikifika hapo hunywea, matundu ya pembeni yakaacha kulingana na meno ya projekta, na ukiilazimisha kupita inachanika. Kwa hiyo nilimpa fundi anayeskani fremu moja moja, nikamsihi asisafishe wala asibadilishe chochote. Faili ghafi nimelihifadhi sehemu mbili, na kazi yote nimeifanya kwenye nakala.

Mwendo niliurekebisha kwa FFmpeg, programu ya kushughulikia video. Video nyingi huchezwa kwa fremu 25 kwa sekunde, na filamu ya fremu 16 ikienda kasi hiyo, wazee waliokuwa wakitembea kwa heshima zao wanaonekana wanakimbizana.

Kwa rangi nilianza na DeOldify, programu ya Jason Antic ya mwaka 2018. Niliiendesha kwenye Google Colab, yaani kwenye kompyuta za Google kupitia intaneti, maana kompyuta yangu haina kadi ya michoro ya kutosha. Programu hiyo hukisia rangi kwenye nakala ndogo ya picha, kisha huzitandaza juu ya kijivu cha asili, ndiyo maana ukali wa picha haupotei. Minazi ilitoka vizuri, mchanga na anga pia, hata ngozi za watu. Nguo ndizo zilizoniuma. Bibi alikuwa amejifunga kisutu, aina ya kanga, na mashine ikakipaka kahawia! Mtu yeyote wa Pwani anajua kisutu ni chekundu, cheusi na cheupe.

Sababu yake inaeleweka. Mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kwa mifano, hufundishwa kwa picha za rangi zilizogeuzwa kuwa kijivu, ukajifunza kukisia rangi iliyokuwapo. Jani halina shida, kwa kuwa majani karibu yote ni kijani. Lakini nguo nyekundu na nguo ya buluu zinaweza kutoa kijivu kilekile, na hakuna kompyuta itakayojua ilikuwa ipi. Anayejua ni aliyekuwapo.

Nikaenda kwa shangazi na fremu nilizochapisha kwenye karatasi.

“Shikamoo shangazi. Hawa wenzako walivaa rangi gani?”

“Marahaba mwanangu. Hiyo ilikuwa sare yetu, kijani. Huyu peke yake alivaa waridi, alikuja kutoka Pangani, sare haikumfikia.”

Maelezo ya namna hiyo hayapo kwenye hifadhidata yoyote. Nilichagua fremu moja kwa kila tukio, nikaipaka mwenyewe kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa hali inayobadilisha rangi na kuacha mwanga wa picha ulivyo. Kisha nikazipeleka kwenye DeepRemaster, kazi ya Satoshi Iizuka na Edgar Simo-Serra ya mwaka 2019. Hiyo hupokea picha za mfano na kusambaza rangi zake kwenye fremu nyingine, huku ikipunguza vumbi na mikwaruzo. Sare ilibaki kijani tangu mwanzo wa ngoma hadi mwisho, bila kumetameta.

Kukuza picha nilikujaribu kwa Real-ESRGAN, programu inayokuza picha na kuzinoa, nikakuacha. Kuna mama amegeuka mgongo, kanga yake ina maandishi yasiyosomeka. Programu iliyanoa yakawa na kingo safi kabisa, ila si herufi za lugha yoyote. Kwenye nyuso ilikuwa vibaya zaidi: ilichonga pua na midomo mipya, na bibi akawa mtu mwingine. Afadhali ukungu wa kweli.

Gari la bwana harusi hakuna anayelikumbuka rangi yake, hata shangazi mwenyewe, kwa hiyo nimeliacha kijivu. Mwanzoni mwa video nimeandika kwamba rangi zimetiwa na kompyuta, sare na kisutu ni kwa maelezo ya familia, na anga na miti ni makisio. Kila aliyepewa nakala amepewa pia ile nyeusi na nyeupe.