Tiba ya usemi kwa video: shughulikia sauti kabla ya picha

Mzazi anayetaka mtoto wake apate tiba ya usemi kwa video huuliza kwanza habari za kamera na ukubwa wa kioo. Kamera ya simu yoyote ya siku hizi inatosha. Kinachoharibu vipindi ni sauti, na zinazoumia zaidi ni s, sh, f na th.

Sauti ya s ni mkwaruzo wa hewa, na nguvu zake nyingi ziko juu ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 4,000. Simu ya kawaida ya kupiga hubeba takriban hezi 300 hadi 3,400, kwa hiyo s na f zikipita humo zinakaribia kufanana. Programu za video hubeba zaidi ya hapo, lakini zina kichujio cha kelele, na kichujio kinaweza kuiona s ya mtoto kama kinavyouona mvumo wa feni. Mtaalamu anasikia "aa" badala ya "saa", anaandika kwamba mtoto anadondosha s mwanzoni mwa neno, kumbe aliyeidondosha ni programu.

Kwenye Zoom, mipangilio ya sauti ina sehemu ya kuruhusu sauti halisi ipite bila kuchujwa. Wengi huiwasha kwenye kompyuta ya mtaalamu, halafu wanashangaa mbona hakuna kilichobadilika. Uchujaji hufanyika kwenye kifaa cha anayesema. Wewe mtaalamu, ukitaka kumsikia mtoto, badilisha mipangilio upande wa mtoto, na hilo lifanyike siku moja kabla, wakati mtoto hayupo. Kichujio kikizimwa mwangwi nao unaweza kurudi, kwa hiyo hedifoni zinakuwa za lazima, tena za waya. Hedifoni nyingi za Bluetooth hushusha ubora wa sauti mara tu maiki yake inapoanza kutumika. Kama mama naye anatakiwa kusikia, kuna vigawanyio vidogo vya kuchomeka hedifoni mbili kwenye tundu moja.

Chumba chenye sakafu ya vigae na kuta tupu kinarudisha sauti. Blanketi likitundikwa nyuma ya simu na mkeka ukitandikwa chini, hali inabadilika sana. Mtoto aelekee dirisha, asilipe mgongo, la sivyo uso utakuwa kivuli na mdomo hutauona. Simu iegemezwe kwenye kitu imara, kamera ilingane na mdomo. Mvua ikipiga mabati, achana na mazoezi ya matamshi siku hiyo. Cheza michezo ya picha au ahirisha.

Bando nalo lipigiwe hesabu. Video ya watu wawili ikienda kwa kilobiti 600 kwa sekunde kila upande, nusu saa inakula takriban MB 270. Mtandao ukilegea, zima video ya mtoto kwa muda na uache yako, kwa sababu yeye ndiye anayehitaji kuona ulimi wako unakwenda wapi.

Hata mipangilio ikiwa sawa, usitoe hukumu ya s kwa kutegemea ulichosikia hewani. Mzazi arekodi maneno 10 hivi kwa kinasa sauti cha simu yake, kisha akutumie kama faili. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hubanwa, hivyo haufai kwa kazi hii.

Baada ya sauti anakuja mtu mzima aliye chumbani. Wewe huwezi kumgusa mtoto, yeye anaweza. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 3 huna hata haja ya kuongea naye: mama anacheza naye chini sakafuni, wewe unamwelekeza mama sikioni. "Subiri. Hesabu hadi tano kimoyomoyo. Sasa taja jina la hicho alichoshika." Kumlazimisha mtoto wa umri huo atulie mbele ya kioo ni kumchosha bure.

Chukua kithembe, ulimi unapochomoza kati ya meno. Anza na t, ambayo watoto wengi wanaiweza. Mtoto aseme t-t-t harakaharaka, kisha airefushe ya mwisho hadi igeuke tsss, meno yamekutana. Kiganja kikae mbele ya mdomo ili asikie hewa. Kama hewa inatokea pembeni mwa ulimi, mzazi ashike mrija, ncha yake ikiwa mbele kabisa ya meno ya katikati: hewa ikipita katikati mrija unavuma, ikienda pembeni uko kimya. Mvumo huo mzazi anausikia palepale hata mtandao ukikwama. Lakini mtoto wa miaka 6 au 7 aliyeng'oka meno ya mbele mpe muda kwanza.

Anayesema "taa" akikusudia "kaa" anahitaji ulimi urudi nyuma. Alale chali, mzazi ashike simu juu ya uso wake, na mtoto aweke kidole safi kwenye ncha ya ulimi ili isinyanyuke. Picha mbili, ya kaa na ya taa, zitangulie kwa posta au zichorwe nyumbani. Picha za kwenye kioo cha simu humfanya abofyebofye tu. Lenga marudio yasiyopungua 50 kwa nusu saa. Mzazi ahesabu kwa kuhamisha maharage kutoka bakuli moja hadi jingine, la sivyo mtabaki kwenye 20 mkidhani mmefanya kazi kubwa.

Kuhusu r na l, msikilize kwanza mzazi. Kama nyumba nzima inasema "kula" penye "kura", hiyo ni lafudhi ya lugha ya mama na haihitaji tiba.

Kwa kigugumizi kuna mtego mmoja. Kusoma kwa pamoja husaidia sana ana kwa ana, ila hewani sauti hufika imechelewa na hamuwezi kwenda sambamba. Mzazi ndiye asome na mtoto, wewe usikilize tu huku umezima maiki yako. Nyimbo za pamoja vilevile.

Ukitaka kurekodi kipindi, pata ridhaa ya mzazi kwa maandishi. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zipo, Kenya ya 2019 na Tanzania ya 2022. Na mtoto anayepaliwa na uji, anayekohoa kila akinywa, au ambaye hajawahi kupimwa usikivu, huyo aanzie hospitali. Kumlisha mtoto wa namna hiyo mbele ya kamera, mtaalamu akiwa mji mwingine, ni hatari.