Kuwaonya watu kuhusu tapeli bila kujipalia makaa

Muuzaji alipopokea pesa kisha akanyamaza, nilitaka wengine wajue. Lakini sikuandika kwamba ni tapeli. Utapeli ni nia, yaani alikusudia kuniibia tangu anitajie bei, na risiti peke yake haithibitishi nia ya mtu. Muuzaji akishtaki kwamba umemharibia jina, mahakama za Uingereza humtwika aliyeandika mzigo wa kuthibitisha ukweli. Za Marekani, mara nyingi aliyeshtaki ndiye anayepaswa kuonyesha kuwa ni uongo. Kwa kuwa andiko husomwa popote, niliandika kana kwamba mzigo wote ni wangu.

Nilitaja mambo yenye karatasi tu: tarehe ya malipo, kiasi, ahadi aliyoiandika, na tarehe ya ujumbe wangu wa mwisho ambao haukujibiwa. Mazungumzo niliyahifadhi yote kwenye faili mapema, kwani baadhi ya programu humruhusu mwenzako kufuta ujumbe hata upande wako. Picha ya skrini iliyokatwakatwa huzua shaka kuliko kuiondoa.

"Inadaiwa", "nasikia" na alama ya kuuliza si ngao. Katika nchi nyingi anayerudia kashfa huhesabiwa kana kwamba ameitamka mwenyewe, kwa hiyo malalamiko ya wenzangu sikuyabeba; kila mmoja aeleze yake.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kumlenga asiyehusika. Laini za simu husajiliwa kwa majina ya watu wengine, akaunti hudukuliwa, na picha za wasifu huibwa kwa watu wasiojua lolote. Nilitaja jina la biashara na akaunti iliyopokea pesa, basi. Sura, kitambulisho, nyumba na ndugu zake niliviacha: kuvianika kunaweza kuvunja sheria za faragha hata kama kila ulichosema ni kweli.

Benki na polisi walipata taarifa kabla ya umma. Pesa huzuilika zikiwa bado kwenye akaunti, na malalamiko ya nia njema kwa mamlaka hulindwa na sheria kuliko tangazo la hadharani. Muuzaji nilimwandikia nikidai pesa zangu na kumpa siku ya mwisho, bila kugusia kumtangaza. "Rudisha la sivyo nitakuanika" inaweza kusomeka kama kutishia mtu ili ujipatie mali, na hapo mshukiwa unakuwa wewe!

Maoni ya "mwizi huyu" chini ya andiko langu niliyaondoa. Muuzaji akirudisha pesa, ongeza hilo na tarehe yake palepale juu. Ikija barua ya wakili wake, ficha andiko kwa muda, usifute ushahidi wowote, wala usijibu kwa hasira. Mpelekee wakili wako barua hiyo kabla muda uliotajwa ndani yake haujaisha.